Mashine Iliyozimia Ikihesabu Nyimbo

Aliyemwambia kwanza Mama Kimya kwamba mashine ya muziki imezimia tena alikuwa wifi yake, na hakumvuta pembeni kama watu wa nyumba moja wanavyoambiana mambo yao. Alikuja na kitana kimechomekwa kichwani, akasimama katikati ya kijiwe, akayasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kibanda cha Fundi Saa. Benchi lilitengenezwa kwa mlango wa kabati lililovunjika, na kitasa hakikung'olewa, kwa hiyo anayechelewa kufika ndiye anayekalia kitasa. Kila alasiri Mama Kimya huweka birika lake la kahawa mwisho wa benchi hilo, mtoto mgongoni, akamimina, akaosha vikombe, akasikiliza. Jina la Mama Kimya walimpa wao wenyewe. Katika miaka miwili ya kuwauzia kahawa, maneno waliyowahi kuyasikia kinywani mwake yalikuwa mawili tu: "karibuni" na "imekwisha".

— Imezimia tena, wifi. Mara ya nne leo.

— Nani kazimia? aliuliza Breki, kikombe kikiwa njiani kwenda mdomoni. Breki ni dereva wa lori la maji, na jina hilo alilipata kwa kukosa kitu chenyewe.

— Mashine ya kaka.

— Ah. Nilidhani mama yako.

— Mama hazimii. Anazimisha wengine.

Mama Kimya aliinamia vikombe. Mashine hiyo aliinunua mume wake kabla hajaenda kwenye kazi ya kujenga barabara. Ni kompyuta ndogo kuukuu, nyeusi, ukubwa wa mkate, haina kioo. Mume aliiweka juu ya kabati la sebuleni, akaiunganisha na spika mbili, akajaza ndani yake nyimbo zote za kanda za marehemu baba yake, aliyekuwa fundi mitambo wa bendi. Wifi ndiye anayeiamrisha kwa simu yake. Mume akituma nyimbo mpya kutoka huko aliko, mashine huanza kuzihesabu zote upya, mmoja mmoja, na mpaka imalize haipigi hata wimbo mmoja. Zamani ilikuwa inamaliza kabla wali haujaiva. Safari hii siku nne zimepita na haijamaliza.

— Hebu eleza dalili, alisema Fundi Saa. Huyu alianza na saa. Watu walipoacha kuvaa saa alihamia simu, redio na pasi, ila kibao cha mlangoni hakukigusa.

— Kwenye simu inaandika "inakagua maktaba". Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini. Ikifika arobaini, kimya. Taa inazimika. Tukiiacha nusu saa inaamka yenyewe kama mtu aliyetoka kulala, inaanza tena kwenye moja. Wateja wangu wanasukwa kimyakimya kama wako msibani. Jana mmoja kaondoka na nusu kichwa.

— Ilitupwa chini?

— Nani aitupe? Fundi, ile mashine inatunzwa kuliko mimi. Mama kaifumia vazi la sufi, la rangi mbili, lina vifungo vinne. Ndani kalitia bitana, kakata lile koti la kazi la baba. Kalimaliza wiki hii hii.

— Hapo mama kafanya la maana, alisema Fundi Saa, na benchi zima likaitikia. Vumbi ndilo adui. Mtu mwenye mashine na asiivike anatafuta ugomvi.

— Koti la marehemu, alisema Makadirio kwa heshima. Makadirio ni karani mstaafu wa ghala. Hajawahi kutaja idadi kamili ya kitu chochote. Hata kuhusu watoto wake husema ni kama saba hivi. — Lile koti lilikuwa zito. Kama kilo mbili, mbili na kitu.

Mama Kimya alilijua uzito wake. Yeye ndiye aliyeshika uzi miezi miwili, jioni kwa jioni, mikono mbele kama mfungwa, mama mkwe akifuma.

— Basi tatizo ni mzigo, alisema Breki. Nyimbo ngapi mle?

— Elfu tatu mia nne.

— Unaona. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinapasuka.

— Huo mwisho umeuongeza wewe.

— Wahenga waliusahau. Mimi nina lori, najua. Ukipakia vibaya, kwenye mlima gari linakufa. Umeangalia nyimbo zenye matarumbeta zimekaa wapi?

— Zimekaa wapi vipi? aliuliza wifi.

— Juu au chini. Tarumbeta ni chuma. Inatakiwa chini. Juu weka za gitaa, na juu kabisa zile za mtu mmoja anaimba peke yake.

— Breki, wimbo hauna uzito.

— Hauna uzito, na bado kaka yako kila wiki anasema nafasi imejaa? Kitu kisicho na uzito kinajaza nini?

Mama Kimya alimwongezea Breki kahawa, maana alijua mtu akishinda hoja hapa hutaka kikombe cha pili.

— Wote mnazunguka, alisema Makadirio. Nimekaa ghalani miaka thelathini hivi. Nawaambia kitu kimoja. Mtu akizimia siku ya kuhesabu stoo, usimpepee. Mwombe funguo.

— Unasemaje, mzee?

— Nasema mashine imeiba.

— Imeiba nini?

— Nyimbo. Inajua ikifika asilimia arobaini itakutwa na upungufu. Sasa inafanya nini? Inaanguka. Mnaiacha nusu saa, inaona mmepoa, inaanza tena kwa uso mkavu. Hiyo ni tabia ya mtunza stoo. Nimewaona kama wanane.

— Na hizo nyimbo inampelekea nani?

— Mwizi haulizwi soko. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.

— Hapo ng'ombe anaingiaje?

— Ataingia tu, subiri.

Mtoto mgongoni alianza kulialia. Mama Kimya alisimama, akayumba kushoto na kulia, mkono mmoja ukimpigapiga matakoni. Siku nne huyu mtoto hajalala usingizi wa maana, na mama yake vilevile. Katika nyimbo zote elfu tatu mia nne, mtoto hulala kwa kitu kimoja tu, na hicho hata si wimbo. Ni sauti ya babu yake akijaribu vipaza sauti kabla ya dansi, siku moja ya zamani: "Moja, mbili. Moja, mbili. Inasikika huko nyuma? Moja, mbili." Dakika kumi na moja nzima. Ikifika ya tatu mtoto huwa amekwisha lala. Hizo nane zinazobaki anazisikiliza mama mkwe, amekaa kwenye kiti na uzi wake, akijifanya anamlinda mtoto. Kanda yenyewe ilishatafunwa na redio. Sauti ya yule mzee imebaki mle ndani ya mashine, basi.

— Mimi naona si wizi, alisema Fundi Saa. Ni ugomvi. Hiyo mashine inapanga nyimbo kwa herufi, siyo?

— Ndiyo.

— Basi sikia. Kuna bendi nyingi za zamani ziligawanyika kwa matusi. Watu wakagawana magitaa, wengine wakagawana hata wake zao. Waliapa wasikanyage jukwaa moja. Sasa mashine haijui habari hizo. Inawapanga kwa herufi, inawakuta jirani, ukuta kwa ukuta. Ikifika hapo inagonga hodi, hawa wanasema pita, hawa wanasema usipite. Unadhani fyuzi itafanya nini?

— Itazima.

— Itazima kwa aibu.

— Fahali wawili, alisema Breki.

— Hawakai benchi moja, alimalizia Makadirio, akamsukuma Breki kidogo ili yeye mwenyewe atoke kwenye kitasa.

— Au sivyo, Fundi Saa aliendelea, maana alikuwa amepata moto, au ni ule wimbo usiokwisha. Mimi nilikuwepo. Bendi ilipiga wimbo mmoja tangu watu wanaingia mpaka mwenye ukumbi akachoka, akaenda kuzima umeme. Ule wimbo haukwisha. Ulizimwa. Kama baba yenu aliurekodi, mashine ikiufikia itangoja uishe. Itangoja, itangoja. Mwisho itafanya kama mwenye ukumbi.

Hii ilikuwa nadharia nzuri. Hata wifi alikaa, akakikalia kitasa bila kulalamika.

— Fundi, alisema taratibu, unasema baba alirekodi. Kuna kile cha baba mwenyewe.

Mama Kimya aliacha kuyumba.

— Kipi?

— Baba anahesabu. Moja, mbili, moja, mbili. Dakika kumi na moja.

Wanaume watatu walitazamana. Makadirio aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeona funguo zilizopotea.

— Rudia.

— Moja, mbili. Moja, mbili.

— Haendi kwenye tatu?

— Haendi.

— Basi kesi imekwisha, alisema Makadirio. Mashine inahesabu. Elfu moja mia tatu na hamsini na tisa. Elfu moja mia tatu na sitini. Iko makini, jasho linatoka. Ghafla inamkuta mtu mwingine anahesabu. Moja, mbili. Moja, mbili. Nani hapa hajawahi kuvurugwa hesabu na mtu wa pembeni? Mimi ghalani nilipoteza magunia kama mia kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa anahesabu miwa yake dirishani.

— Inarudi kwenye moja, alisema Breki, macho yamemtoka. Wifi si alisema inaanza tena kwenye moja? Si ndiyo hiyo.

— Ndiyo hiyo hasa.

— Na elfu moja mia tatu na sitini, ni asilimia ngapi ya elfu tatu mia nne? aliuliza wifi.

Fundi Saa aliingia kibandani, akatoka na kikokotoo kisicho na kitufe cha saba. Hakukihitaji cha saba. Aliwaonyesha mmoja mmoja kama hakimu anayeonyesha ushahidi. Arobaini kamili.

— Mzee kapatia, alisema Breki. Mara ya kwanza maishani, tena kwa namba kamili.

— Nilisema kama, alijitetea Makadirio. Ila penye wazee haliharibiki neno.

— Sasa nifanyeje? aliuliza wifi.

— Unafuta.

— Nafuta kanda ya baba?

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema Makadirio. Na huyu mwana ni mashine.

— Kwani ni wimbo? alisema Breki. Si wimbo, dada. Ni mtu anajaribu spika. Marehemu mwenyewe angekuwepo angesema, spika zimeshajaribiwa, inatosha.

Wifi alitazama simu yake. Mle simuni ndimo amri zote zilimo. Kidole kimoja kinatosha. Alifikiri. Mama Kimya aliona anavyofikiri, na aliona pia kwamba anamfikiria yule mteja wa nusu kichwa.

— Kesho asubuhi, alisema wifi akinyanyuka. Kabla mteja wa kwanza hajakaa. Mama asijue mpaka muziki uanze kulia, akisikia muziki atapoa. Wifi, na wewe usimwambie.

Mama Kimya alikuwa anamimina. Aliendelea kumimina baada ya kikombe kujaa.

— Mama Kimya, alisema Breki kwa upole wa mtu anayeungua, hilo ni goti.

— Karibuni, alisema Mama Kimya. Hakuwa na neno jingine karibu.

Wifi alikwisha kata kona. Breki alikuwa bado anapepea suruali yake kwa kofia alipofika mgeni, mwanamke wa makamo, sare nyeupe chini ya kanga, chupa ya chai mkononi. Alikuwa mkunga wa zahanati, anatoka zamu, na alitaka ajaziwe kahawa ya kwenda nayo nyumbani.

— Mgeni njoo, mwenyeji asogee, alisema Breki, na kweli akasogea, akamwachia kitasa.

— Mnajadili mgonjwa gani? aliuliza mkunga. Nimesikia kuzimia tangu pale dukani.

Walimweleza wote kwa pamoja. Tarumbeta, funguo za stoo, bendi zilizogawana wake, mwenye ukumbi, na mwisho marehemu anayevuruga hesabu, pamoja na kikokotoo. Mkunga alisikiliza bila kucheka. Kazi yake imemfundisha. Walipomaliza aliuliza kitu kimoja.

— Ikizimia, ukiigusa, ni ya moto au ya baridi?

Fundi Saa alimtazama Makadirio. Makadirio alimtazama Breki. Breki alilitazama goti lake.

— Kwa makadirio, alianza Makadirio.

— Siulizi makadirio. Nani kaigusa?

— Kuigusa hatujaigusa.

— Nani kaiona?

Lori lilipita. Likaenda zake. Mtu alikuwa na muda wa kutosha kujibu.

— Kuiona na kuijua ni vitu viwili, alisema Fundi Saa mwishowe.

— Mimi naletewa mtoto analia tangu jana, macho mekundu, alisema mkunga. Mama yake anasema kalogwa, bibi yake anasema jino, baba yake anasema maziwa. Namtazama, kavikwa sweta tatu, na ya juu kafuma bibi. Siandiki dawa. Namvua.

— Sasa mashine na watoto wapi na wapi? alisema Breki, na wenzake wakakubali kwamba hapo mkunga alikuwa ametoka nje ya mada.

Mkono wa kulia wa Mama Kimya ulikuwa unakumbuka. Jana, mashine ilipozimika, alipitisha kiganja chini ya lile vazi kuvuta waya, akakirudisha haraka. Moto kama birika. Na pale nyuma ambapo mashine ina matundu yake madogo ya kupumulia, bitana ya koti ilikuwa imelala sawasawa, imekazwa vizuri, hapo ndipo kilipo kifungo cha nne. Mama mkwe hafungi kitu nusu nusu.

— Mama Kimya, alisema Fundi Saa ghafla, kwani hiyo mashine si iko nyumbani kwako?

Macho manne yakamgeukia, kisha sita, kisha manane. Katika mazungumzo yote ya alasiri ile, hakuna aliyekuwa amelikumbuka hilo. Sasa kama angefungua mdomo, neno lingekuwa hivi: kazi ya mikono ya mama mkwe, koti la marehemu, ndiyo inayoua sauti ya marehemu. Neno hilo lingetoka kijiweni kabla ya jua kuzama, lingefika nyumbani kabla yake, tena likiwa limeota pembe.

— Imekwisha, alisema Mama Kimya.

— Nini imekwisha?

— Kahawa.

Akanyanyua birika, nalo likasema lenyewe, chubwi, zito kabisa. Wote walisikia. Alijaza chupa ya mkunga mpaka juu, akafunga mzigo wake, akaondoka na birika lililobaki nusu.

Asubuhi yake aliamka kabla ya wifi. Aliingia sebuleni, akavifungua vile vifungo, kimoja, kingine, mpaka cha nne, akalivua lile vazi kwa mikono miwili kama anavyomvua mwanawe aliyelala. Akabonyeza kitufe cha mashine. Taa ikawaka. Akalichukua vazi, akatoka nalo uani nyuma ya nyumba, akateka maji, akaanza kulifua.

Mama mkwe alitoka na mswaki mdomoni.

— Unafua nini?

— Vazi la mashine, mama. Lina vumbi.

— Vumbi la siku nne?

— Ndiyo, mama.

Mama mkwe alisukutua, akatema, akakaa kwenye kigoda, akamtazama mkamwana wake akisugua bitana safi kwa sabuni. Jua lilikuwa limeshika. Vazi likaanikwa kambani, likiwa limenyoosha mikono ambayo halikuwa nayo. Mtoto alilalama mgongoni. Muda ukapita, vyombo vikaoshwa, kisha wifi akatokea mlangoni, simu mkononi, kidole kimoja kimesimama hewani.

— Thelathini na tisa, alisema. Wifi, njoo uone. Arobaini. Arobaini na moja. Hamsini hii.

Aliendelea kuzitaja kama mtu anayetangaza mpira. Ilipofika mia moja alikirudisha kile kidole mfukoni, kisha akaingia ndani. Hakupiga wimbo wa kusukia. Kupitia dirishani ikatoka sauti ya mzee, ina mikwaruzo, haina haraka.

— Moja, mbili. Moja, mbili.

Mama mkwe alisimama. Alienda kambani, akalishika vazi lake, akaligeuza bitana juu. Lilikuwa limekaribia kukauka. Alilishika hivyo kwa muda, akatazama dirisha, akamtazama mkamwana. Kisha akalishusha, akalizamisha tena ndani ya beseni, mpaka chini.

— Halijatakata, alisema.

Mama Kimya alichuchumaa akaanza upya, polepole, kama mtu mwenye wiki nzima ya kufua nguo moja. Mgongoni uzito wa mtoto ulikuwa umebadilika, umelegea, shavu limelala begani.

— Inasikika huko nyuma? aliuliza mzee ndani ya nyumba.

Mama Kimya alitoa mikono majini, akainua uso.

— Inasikika, baba, alijibu.